Upande wa Mlima na Upande wa Jua



Wapendwa wasomaji, juma hili tunaomba mturuhusu tuzungumze jambo dogo, nalo ni kiti cha dirishani katika ndege. Tunajua wapo watakaouliza paroko ameishiwa na nini hata aandike habari za viti. Mtuvumilie. Jambo hili limekaa moyoni mwetu tangu Julai mwaka 2024, nasi tumechelewa kulisimulia kwa sababu hatukutoka vizuri ndani yake.

Tuanze kwa kukiri udhaifu. Sisi tunapenda dirisha. Tangu siku ile tulipopanda ndege kwa mara ya kwanza, tukiwa bado mafrateri, hatujapata kukaa kiti cha njiani kwa hiari yetu. Waamini wetu wanalijua hili. Baadhi yao, wanapojiandaa kwenda Kaskazini kwenye harusi au msiba, hupita ofisini baada ya Misa na kuuliza: "Padre, safari hii tukae upande gani?" Nasi huwajibu kwa madaha ya mtu aliyeulizwa jambo moja analolijua barabara.

Maarifa yenyewe si mengi. Ndege itokayo Dar es Salaam kwenda Uwanja wa Kimataifa wa Kilimanjaro, yaani KIA, huelekea kaskazini-magharibi kwa muda wa kama saa moja, umbali wa kilomita 440 hivi kwa mstari ulionyooka. Karibu mambo yote ya kutazamwa yako mkono wa kulia. Kwanza ni milima ya Usambara, halafu Upare, na chini yake Mto Pangani unaopinda-pinda kama uzi uliodondoka sakafuni. Kisha hufuata bwawa la Nyumba ya Mungu, na mwisho wa yote, katika dakika kumi na tano za mwisho, Kilimanjaro wenyewe. Mkono wa kushoto ni nyika ya Umasai, kahawia mpaka macho yanapokoma. Arudiye Dar es Salaam basi na akae kushoto. Atokaye Nairobi kwenda KIA huelekea kusini, kwa hiyo mlima humjia kushoto vilevile.

Tena haitoshi kujua upande; lazima kulijua na bawa. Ndege nyingi za pangaboi hubeba mabawa yao juu ya madirisha, hivyo abiria huona chini bila kizuizi, isipokuwa yule aliyeketi sambamba na injini. Ndege za jeti tunazopanda hapa nchini zina mabawa chini ya madirisha, na aliyepewa kiti cha katikati ya ndege huambulia kutazama bati tangu Dar hadi KIA. Kwa hiyo sisi huomba kiti cha mbele ya bawa, mkono wa kulia, ndege ya asubuhi. Asubuhi kwa sababu mlima ule una tabia ya kuamka ukiwa wazi, na kadiri mchana unavyopanda joto nao hujifunika mawingu.

Hapo ndipo shida inapoingia, kwa sababu jua la asubuhi nalo liko mkono wa kulia. Mwezi wa Desemba jua huchomoza kusini kidogo ya mashariki, hivyo humjia abiria kutoka nyuma ya bega, wala halimsumbui sana. Lakini Juni na Julai huchomoza kaskazini ya mashariki, na kwa ndege iendayo KIA hilo ndilo jua linaloingia dirishani kwa pembe mraba. Na jua la huko juu si jua la uani kwetu. Sehemu kubwa ya hewa, pamoja na vumbi na moshi wake vinavyolififisha, imebaki chini ya ndege. Na kama kuna mawingu huko chini, nayo huurudisha mwanga juu kama mabati mapya. Kwa miaka yote hiyo tuliuhesabu mwanga huo kuwa ni ada ndogo ya kuulipia mlima. Tulikunja uso, tukatazama.

Sasa tuje kwa Mama.

Mama yetu mzazi alikuwa na miaka sabini na minane. Amezaliwa Rombo, ameolewa Rombo, na mlima ule ameuona kila siku aliyojaliwa kuuona, ingawa kwa upande wa Mawenzi, kwa kuwa Rombo iko mashariki. Miaka ya karibuni macho yake yote mawili yaliota mtoto wa jicho. Tulimleta Dar es Salaam, na mwezi wa Juni akafanyiwa upasuaji wa jicho la kulia. Lile la kushoto daktari alisema lisubiri mpaka Septemba au Oktoba.

Wasomaji waliowauguza wazazi wenye ugonjwa huu wanajua furaha ya siku ile bandeji inapoondolewa. Lenzi ya zamani huwa imegeuka rangi ya chai, na mgonjwa haoni kwamba anaona kila kitu kupitia chai. Lenzi mpya ni angavu, na rangi humrudia zote kwa mkupuo. Mama alituangalia, akaiangalia kanzu yetu, akasema: "Kumbe ni nyeupe! Mimi nilidhani siku hizi mnafulia maji ya mtoni." Masista waliokuwa pale walicheka mpaka wakaona haya.

Daktari alitoa masharti machache: asiliguse jicho, asiingie vumbini, na akitoka nje avae miwani ya jua, kwani jicho jipya linapokea mwanga mwingi kuliko lilivyozoea. Na kuhusu lile la kushoto alieleza jambo ambalo tungelishika vizuri tungekuwa wasikivu. Mtoto wa jicho, alisema, hafichi tu; hutawanya mwanga. Mwenye gari anaielewa hali hiyo akiendesha kuelekea jua na kioo cha mbele kikiwa na vumbi: kioo chote hugeuka weupe mtupu, barabara ikapotea.

Tulitikisa kichwa, tukashukuru, tukaenda kukata tiketi.

Kwa miaka hamsini Mama amesafiri kati ya Rombo na Dar es Salaam kwa basi. Ndege alikuwa hajaipanda. Kuja kwake mwezi wa Mei kulikuwa kwa gari la jamaa. Nasi tulipata wazo ambalo lilitufanya tutembee siku nzima tukitabasamu peke yetu: Mama aone mlima wake kutoka juu, kwa jicho jipya, kabla hajashuka nyumbani. Tulichagua ndege ya saa 1:30 asubuhi. Tulichagua upande wa kulia, mbele ya bawa. Kiti cha dirishani chake, cha kati chetu. Tulikadiria hata muda wa mlima kuanza kuonekana. Kitu kimoja tu hatukukifanya, nacho ni kumwuliza Mama mwenyewe. Ilikuwa iwe zawadi, na zawadi, tulijiambia, haiulizwi.

Asubuhi ile pale uwanjani alikuwa na miwani yake usoni. Tulipokuwa tukikabidhi mizigo tulimwambia: "Mama, lete hiyo miwani tuiweke kwenye begi isije ikapotea. Ndani ya ndege hakuna jua." Akaivua akatupa. Begi likaenda kwenye mizigo. Maneno hayo, "ndani ya ndege hakuna jua", tuliyasema sisi ambao kwa miaka ishirini tumekuwa tukiwafundisha watu lilipo jua ndani ya ndege.

Alipoketi alikichunguza kidirisha kama mtu anayekagua nyumba ya kupanga. Akagundua kile kitundu kidogo kilicho chini ya kioo. "Padre," alisema (mbele za watu Mama hutuita Padre; tukiwa jikoni ni mwanangu), "hapa pametoboka." Tukamweleza kwamba kioo kina matabaka, na kitundu kimetobolewa makusudi katika lile la kati ili hewa ya ndani ipite na mzigo wote wa mgandamizo ubebwe na tabaka la nje. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaweka kidole juu ya kitundu na kukiacha pale mpaka tulipokuwa hewani.

Mhudumu alikuwa amepita akiagiza vifuniko vyote vya madirisha viwe wazi wakati wa kuruka. Ni kanuni yenye busara: likitokea la kutokea, watu waone nje, na macho yao yawe yameshazoea mwanga wa nje. Kwa hiyo dirisha letu lilikuwa wazi ndege ilipojiweka sawa kuelekea kaskazini-magharibi, na jua, likiwa bado chini, likaingia lote kwa pamoja.

Mama hakusema neno. Aligeuza uso dirishani kama tulivyomwelekeza, nasi tulianza kuhubiri. Tazama Mama, zile ni Usambara. Tazama, kule nyuma ndiko Korogwe, ulikokuwa ukitununulia machungwa. Baada ya dakika chache tuliona machozi yakimtiririka shavuni. Tuliguswa. Tulinyamaza kidogo ili tusimsumbue katika furaha yake, na tunakiri, tulijisikia kuwa mtoto mwema. Machozi yaliendelea. Akayafuta kwa ncha ya mtandio, mbali na jicho, kama alivyofundishwa hospitalini, akageuza tena uso dirishani kwa utii, yakaja mengine.

Tulikuwa karibu na Same aliposema, kwa sauti ya mtu anayeomba maji nyumba ya ugenini: "Padre, hiki kidirisha hakifungwi?"

Hata hapo hatukuelewa upesi. Tulijibu kwamba kinafungwa, lakini Upare ndio unaanza kupendeza. Akasema, "Sawa," na kuendelea kutazama. Ndipo tulipomwangalia uso kwa mara ya kwanza tangu turuke. Jicho la kushoto alikuwa amelifumba kabisa. Lile jipya lilikuwa jekundu, limebaki ufa mwembamba. Hakuwa anaona Upare. Hakuwa anaona kitu chochote isipokuwa weupe, na alikuwa ameuvumilia weupe huo kwa muda wote ule ili asituvunje moyo.

Tulikivuta kifuniko chini. Mama alishusha pumzi ndefu, akaegemeza kichwa. Tulimwomba msamaha. Alitupiga-piga mkono, akasema si kitu. Tukatoa kitabu cha Sala za Vipindi, tukakifungua, tukatazama ukurasa mmoja bila kusoma.

Kisha akaanza kucheka kidogo. "Ungeniuliza," alisema. Tukamwuliza angesema nini. "Ningekwambia tukae kule." Akaonyesha kushoto kwa kidevu. "Kwenye basi la asubuhi kutoka Dar mimi sikai kulia. Mpaka Chalinze haidhuru, jua liko kisogoni. Ukikunja kwenda Segera linakuja kulia, na halitoki. Ukiwapita watu wa Mombo jua limeshavuka, sasa linataka kushuka kushoto. Hapo unamwomba kijana mbadilishane, na milima unaipata bure." Aliyasema haya amefumba macho, akiipita barabara yote kichwani, kituo kwa kituo. Ndizo hesabu zile zile tulizozifanya sisi kwa ramani na simu, ila za kwake zilikuwa na kipengele kilichokosekana katika zetu. Yeye alikuwa akitafuta mahali pa kukaa mtu. Sisi tulikuwa tukitafuta mlima.

Ndipo rubani akatangaza, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, kwamba walio mkono wa kulia wanaweza kuuona Mlima Kilimanjaro, mita 5,895, na kwamba leo uko wazi kabisa.

Aliyewahi kuwa katika ndege ile tangazo hilo linapotoka anajua kinachofuata. Watu wa kushoto wote huwa wana shingo ndefu. Kijana mmoja alivuka njia na simu mkononi, nyuma yake mama mwenye mtoto mgongoni, na nyuma yao mzungu mmoja mzee mwenye kamera. Wakasimama juu yetu, wakalitazama dirisha letu, ambalo pekee katika eneo lile lilikuwa limefungwa. Kijana aliiona kola yetu. "Padre, samahani, mnaweza kutufungulia kidogo tu?"

Tulianza kumweleza kwamba Mama ametoka hospitali. Mama akatukatiza. "Wafungulie. Mimi nitajifunika."

Akauvuta mtandio ukafunika kichwa chote na uso, akainama mbele kidogo ili wapate nafasi. Tukakipandisha kifuniko. Nje, mbele kidogo ya mkono wa kulia, Kibo ilikuwa imesimama juu ya mawingu bila kugusana nayo, theluji yake chache ikimeta upande uliopokea jua, na kulia kwake Mawenzi, nyeusi na yenye meno. Kijana alipiga picha. Mtoto mgongoni aliambiwa atazame, akatazama taa ya kusomea. Mzee wa kamera alinong'ona kitu kwa lugha yake. Wote waliutazama mlima wa Mama juu ya kichwa cha Mama kilichofunikwa. Nasi pia, na hili ndilo lililotuchelewesha kuandika, tulitazama. Tulinyoosha shingo pamoja nao. Haikuwa muda mrefu, labda dakika moja, lakini katika dakika hiyo tuliusahau ule mtandio.

"Mawenzi yupo?" sauti iliuliza chini yake.

"Yupo, Mama."

"Hajambo?"

"Hajambo."

Watu wakacheka, wakarudi vitini mwao, na mhudumu akaja kuwahimiza wafunge mikanda.

KIA ina njia moja ya kutua, inayolala mashariki hadi magharibi, na kwa kuwa upepo mara nyingi hutoka mashariki, ndege aghalabu huupita uwanja, hukunja kulia, na kutua ikielekea mashariki. Ndivyo ilivyokuwa. Mhudumu aliagiza madirisha yafunguliwe kwa ajili ya kutua, nasi tulimweleza Mama abaki amejifunika. Lakini ndege ilipokuwa ikikunja, jua lilianza kusogea. Lilitembea juu ya viti vya mbele, likazunguka pua ya ndege, likahamia kushoto. Mlima ukalifuata. Upande wa pili tuliwasikia watu wakishangilia upya. Upande wetu uliingia kivulini, na dirisha letu lilibaki na kile ambacho hakuna anayekikatia tiketi: tambarare ya kusini mwa uwanja, miiba na vumbi, na kwa mbali mabati ya Mererani.

Mama alifunua uso. Alifungua jicho jipya taratibu, kama mtu anayejaribu maji ya moto kwa kidole. Hakikumchoma kitu. Akasogea dirishani mpaka paji la uso likagusa kioo. Tulikuwa tumeshuka sana, na nyika ilikuwa ikipita chini yetu miti kwa miti.

"Ng'ombe," alisema.

Tukanyamaza.

"Mmoja ana baka jeupe. Na yule kule ni mchungaji. Ana shuka nyekundu." Alitushika mkono bila kugeuka. "Ana fimbo, mwanangu. Naiona fimbo."

Kwa miaka sita alikuwa hajaona uso wa mtu aliyesimama mlangoni pake mpaka aseme. Mchungaji yule hatukumwona sisi. Tulipoinama kutazama alikuwa ameshapita. Magurudumu yakagusa ardhi, na Mama akaendelea kututajia vitu: nyasi, gari la zimamoto, mtu mwenye kisibau cha njano anayepunga mikono. Abiria wa kiti cha nyuma nadhani alichoka nasi.

Begi lilipotoka tulichukua miwani tukamvika kwa mikono yetu, pale pale kwenye mkanda wa mizigo.

Mwishoni mwa Septemba ilibidi arudi Dar es Salaam kwa ajili ya jicho la kushoto. Tulimpigia simu tukiwa mbele ya kompyuta ofisini, ukurasa wa viti ukiwa wazi.

"Mama, safari hii ungependa kukaa upande gani?"

Akafikiri kidogo. Tulisikia kuku nyuma yake.

"Inaondoka saa ngapi?"

"Saa kumi na nusu jioni."

"Saa kumi na nusu, kwenda Dar." Alinyamaza tena, na tulijua yuko wapi: yuko barabarani, ameupita Mwanga na Same, anaangalia jua liko bega gani. "Basi niwekee kushoto," alisema. "Na wewe kaa hapo katikati, usinihubirie."